Je, wajua kwa nini matiti ya silikoni huanza yakiwa juu?

Wiki ya pili baada ya upasuaji wa kuongeza matiti ndipo kioo huanza kutisha. Bandeji zimepungua, uvimbe bado upo, na matiti yamekaa karibu na mitulinga. Juu yamejaa, chini ni bapa, chuchu zinatazama sakafu. La kushoto limeshaanza kushuka, la kulia bado liko kule kule. Mwenyewe anajiuliza: daktari ameyaweka vibaya?

Huku Buganda maswali ya mwili wa mwanamke hupelekwa kwa senga, yaani shangazi, dada yake baba. Senga anajua mengi, ila hili hakufundishwa. Kipandikizi cha kwanza cha matiti cha silikoni, yaani kifuko kinachotiwa ndani ya titi kuliongeza, kiliwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962. Aliyepandikizwa ni mama aitwaye Timmie Jean Lindsey, na madaktari walikuwa Thomas Cronin na Frank Gerow. Yaani wapo masenga wa Kampala walioingia duniani kabla ya jambo lenyewe.

Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna kilichoharibika. Yako juu kwa kuwa mwili haujayapa nafasi.

Chukua embe moja ulisukume kwenye mfuko wa suruali ya jinzi mpya. Halifiki chini. Linabanwa hapo juu na kuvimbisha kitambaa. Vaa jinzi hiyo miezi mitatu, kitambaa kilegee, embe litashuka lenyewe hadi kwenye mshono. Daktari anapokata chini ya titi au pembeni ya chuchu, huwa anatengeneza mfuko wa namna hiyo, na kitu anachotia ndani si kidogo. Kipandikizi cha mililita 300, ambacho ni ukubwa wa kawaida kabisa, kina ujazo sawa na soda ya chupa ya kioo ya dukani. Ngozi iliyozoea kufunika titi dogo inaambiwa siku moja ifunike na soda hiyo.

Kuna kinachobana zaidi ya ngozi, nacho ni msuli mkubwa wa kifua. Umeanzia kwenye mtulinga, mfupa wa kati wa kifua na mbavu, ukaenda kushika mfupa wa juu wa mkono. Madaktari wengi hukiweka kipandikizi chini ya msuli huu, chote au sehemu yake ya juu, ili kingo zake zisionekane kwa mwanamke mwembamba. Msuli uliokatwa na kunyanyuliwa haufurahi. Hukakamaa, na ukikakamaa unasukuma kilicho chini yake kwenda juu. Ndiyo maana aliyewekewa juu ya msuli, nyuma tu ya nyama ya titi, kwa kawaida huona mabadiliko mapema kuliko mwenzake aliyewekewa chini.

Kisha muda hufanya kazi yake. Uvimbe unaondoka, msuli unalegea, ngozi ya sehemu ya chini ya titi inavutika kidogo kidogo. Kipandikizi kikishuka, chuchu iliyokuwa ikitazama sakafu huanza kutazama mbele. Wengi huona tofauti kubwa kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu, na wengine husubiri hadi mwezi wa sita. Mama aliyekwisha kunyonyesha, ngozi yake imelegea tayari, mara nyingi huwahi. Msichana mwenye kifua kilichokaza husubiri zaidi.

Na kwa nini upande mmoja uchelewe? Hakuna binadamu mwenye kifua kilicho sawa pande zote mbili. Mbavu hutofautiana, na matiti yenyewe yalitofautiana kabla ya kisu, ila mwenyewe hakuyapima. Ukitumia mkono wa kulia kusonga posho, kufua na kubeba mtoto, msuli wa kulia huwa na nguvu zaidi na huenda ukachelewa kuachia.

Kwa sababu hiyo hiyo madaktari hukataza kunyanyua vitu vizito, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20, na kuinyanyua kunauamsha msuli ule ule unaotakiwa kupumzika. Boda kwenye barabara yenye mashimo nayo haifai, maana kila ukitikiswa unashika kwa nguvu. Kukanda matiti kwa mikono ni suala la daktari wako peke yake: kuna vipandikizi vinavyokandwa na kuna visivyotakiwa kuguswa, na jirani aliyefanyiwa mwaka juzi hajui wewe una vya aina gani.

Mimi naona kosa la wengi ni kutazama mahali titi lilipo leo. Cha kutazama ni linakoelekea. Piga picha kila wiki, ukisimama pale pale, mikono chini, mwanga ule ule, kisha zilinganishe. Titi lililo juu na linashuka polepole liko njiani. Yapo yanayokwenda njia nyingine.

La kwanza ni lile lisilojua kuacha kushuka. Chini ya kila titi kuna mkunjo ambapo ngozi imeshikana na kifua, na mkunjo huo ndio sakafu ya mfuko. Daktari akikata chini mno, au kipandikizi kikiwa kizito kuliko ngozi inavyomudu, sakafu huachia. Dalili yake ni rahisi kuiona: kovu lililokuwa limejificha kwenye mkunjo linapanda juu ya titi, chuchu inaanza kutazama dari, na sehemu ya juu inabaki tupu. Hili halirudi lenyewe.

La pili ni kinyume chake, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Titi lilishuka vizuri, likalainika, halafu baada ya miezi au hata miaka linaanza kupanda tena na kuwa gumu. Kila mwili ukiwekewa kitu kigeni hukizungushia utando wa kovu. Huo ni wa kawaida na kila mwenye kipandikizi anao. Lakini utando huo unaweza kunenepa na kujikaza, ukakibana kipandikizi kama ngumi. Madaktari huupanga kwa daraja nne: la kwanza titi ni laini kama kawaida, la nne ni gumu, limepinda na linauma. Damu iliyovuja ndani au vijidudu vilivyoingia wakati wa upasuaji ni miongoni mwa vinavyochochea.

Mengine nayapitia haraka. Kipandikizi kinaweza kukimbilia kwapani unapolala chali, na kidogo tu si neno, kwani hata titi la asili hufanya hivyo. Viwili vinaweza kusogeleana hadi nafasi ya katikati ikapotea. Aliyewekewa chini ya msuli anaweza kuona titi likiruka anaposukuma mlango mzito. Hilo haliashirii hatari, ni msuli unafanya kazi.

Vile vyenye umbo la tone la maji vikigeuka ndani, titi zima hupinda. Ili visigeuke, viwanda vilivipa ngozi ya nje yenye mikwaruzo, nyama ipate pa kushika. Cha kusikitisha, uso huo huo wenye mikwaruzo ulikuja kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu, na Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya aina ya BIOCELL. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haikuwataka wenye navyo wasio na dalili wakavitoe. Dalili kubwa ni titi kuvimba upande mmoja, mara nyingi miaka kadhaa baada ya upasuaji.

Siku za mwanzo kuna lisilosubiri picha wala senga: titi moja likivimba ghafla kuliko jingine, likiwa jekundu, la moto, lenye maumivu yanayozidi, au homa ikipanda. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu inavuja ndani au kidonda kimeambukizwa.

Wanaofanyiwa nje ya nchi hugundua shida wakiwa wamesharudi kupitia Entebbe, na daktari amebaki kwenye simu. Uganda ina madaktari bingwa wa upasuaji wa plastiki, na hospitali ya Kirudu jijini Kampala na ile ya CoRSU huko Kisubi zina uzoefu wa kazi hiyo, ingawa nyingi ni za majeraha ya moto na maumbile ya kuzaliwa. Kabla hujamlipa mtu yeyote, ulizia kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kama leseni yake ya mwaka huu iko hai.

Daktari makini hatakimbilia kurekebisha mwezi wa pili, isipokuwa kwa dharura. Wengi husubiri mwili utulie, miezi sita au zaidi, kwa sababu ukishona mfuko ambao bado unavutika utaushona mara mbili. Ukimwendea, mpelekee kadi uliyopewa siku ya upasuaji, yenye jina la kiwanda, ukubwa na namba ya kila kipandikizi. Watu huihifadhi kwenye mkoba mpaka inapotea. Iweke na hati za kiwanja.