Chanzo cha data kwenye fomu: maana yake na jinsi ya kukiweka

Fomu ya hifadhidata haina data yake yenyewe. Karibu kila unachokiona humo kimehifadhiwa kwenye jedwali, na sifa za chanzo cha data ndizo zinazoiambia fomu ichote wapi na irudishe wapi. Ukizikosea, fomu hufunguka tupu, au huonyesha taarifa lakini ikakataa kuzibadilisha, nawe ukabaki kukagua jedwali lisilo na kosa lolote.

Katika Microsoft Access, programu ya kutengenezea hifadhidata, kuna vyanzo vitatu, na wanaoanza huvichanganya sana. Cha kwanza ni cha fomu nzima: jina la jedwali, jina la ulizo (query, yaani ombi la kuchota data) lililohifadhiwa, au sentensi yenyewe ya SQL, lugha ya kuagiza hifadhidata. Cha pili ni cha kila kisanduku, nacho hutaja safu (column) moja kati ya zile zilizoletwa na chanzo cha fomu. Cha tatu ni cha orodha kunjuzi, kinachosema majina ya kuchagua yatoke wapi.

Hicho cha tatu ndicho kinachowatesa watu. Tuseme jedwali la Maagizo lina safu iitwayo MtejaID, yenye namba ya mteja. Hutaki mtumiaji akariri kwamba mteja fulani ni namba 7; unataka achague jina. Basi kisanduku cha orodha kifunge kwenye MtejaID, yaani safu hiyo iwe chanzo chake, kisha chanzo cha orodha kiwe:

SELECT MtejaID, Jina FROM Wateja ORDER BY Jina

Weka idadi ya safu kuwa 2, safu inayofungwa (ile ambayo thamani yake huandikwa kwenye jedwali) kuwa 1, na upana wa safu ya kwanza kuwa 0. Mtumiaji ataona jina, jedwali litapokea 7. Ukisahau ule upana wa 0, kisanduku kitaonyesha namba badala ya jina na utapigiwa simu siku hiyohiyo.

Kisanduku kinaweza pia kubeba hesabu badala ya safu, mfano =[Idadi]*[Bei]. Jibu lake huonekana tu, haliandikwi popote. Na kikionyesha #Name?, mara nyingi maana yake ni kwamba safu iliyotajwa haimo kwenye chanzo cha fomu: labda mtu alibadilisha jina lake, au ulizo haliileti.

Kwa maoni yangu, swali la kujiuliza kabla ya yote ni kama chanzo ulichochagua kinakubali kuandikwa. Ulizo linalojumlisha kwa GROUP BY halikubali, kwa sababu mstari mmoja unawakilisha rekodi nyingi na programu haiwezi kujua ibadilishe ipi. Ndivyo ilivyo pia ukichagua aina ya rekodi iliyo picha tuli (snapshot, nakala ya kusoma tu): utasoma, hutahariri. Kwa ripoti ya kutazama hilo halina shida; kwa fomu ya kuingizia maagizo, kazi haifanyiki.

Programu nyingine zina taratibu zake. LibreOffice Base hukuuliza kwanza aina ya chanzo, yaani jedwali, ulizo au amri ya SQL, ndipo utaje chenyewe. Oracle Forms, programu ya Oracle ya kutengenezea fomu, hutenganisha mahali pa kusomea na mahali pa kuandikia, kwa hiyo fomu inaweza kusoma kutoka sehemu moja na kuandika kwenye nyingine.

Kuna sifa moja ya Access ambayo si chanzo, lakini hudhaniwa kuwa chanzo kimeharibika: ile ya kuingiza data pekee. Ikiwashwa, fomu hufunguka kwenye rekodi mpya na kuficha zote za zamani. Nimewahi kukaa na mtu aliyekuwa anatetemeka, akiamini kazi ya miezi imefutika. Tulifungua jedwali moja kwa moja, rekodi zote zikawa pale. Tukarudi kwenye sifa za fomu, tukabadilisha Ndiyo kuwa Hapana, na zote zikarudi kwenye fomu.