Kompyuta Kutoonekana Kwenye Mtandao wa Nyumbani Si Sababu ya Kurudisha SMB1

Nimeletewa tena laptopu ambayo mwenyewe alishauriwa arudishe SMB1, toleo la kwanza na la kizamani la SMB, itifaki (kanuni za mawasiliano) ambayo Windows hutumia kushirikisha faili, na azime fayawoli, kinga inayozuia miunganisho isiyotakiwa, kwa sababu tu kompyuta ya sebuleni haikuwa ikionekana kwenye dirisha la Network. Ushauri huu umenichosha, na nitaueleza kwa kirefu kwa kuwa wanaoutoa ni mafundi wenzangu ambao wateja wanawaamini.

Kuonekana ni jambo moja na kufikika ni jingine. Orodha ya kompyuta hujazwa na huduma za utambuzi, ilhali faili zenyewe husafiri kwa SMB kupitia mlango wa TCP namba 445. Kompyuta inaweza kukosekana kwenye orodha huku folda zake zikifunguka vizuri kabisa, kama nyumba isiyo na kibao cha jina lakini ambayo mgeni anayeijua njia huingia bila shida. Basi kabla hujagusa chochote, isome anwani ya IP ya kompyuta yenye folda kwa amri ya ipconfig katika PowerShell, dirisha la amri la Windows, kisha nenda kwenye kompyuta ya pili, fungua File Explorer na uandike juu, mahali pa anwani, \\192.168.1.20, au namba yoyote uliyoipata. Folda zikijitokeza, tatizo lako ni la majina au utambuzi tu. Iagize ruta iipe kompyuta hiyo anwani isiyobadilika, weka njia ya mkato kwenye deski, na familia itaendelea na kazi zake.

Chanzo cha imani hii kinaeleweka. Zamani orodha ilitegemea huduma iliyoitwa Computer Browser, nayo iliegemea SMB1. Kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, lililotoka Oktoba 2017, Microsoft iliacha kuisakinisha SMB1 kwa chaguo-msingi, na orodha ya namna ile ikaondoka nayo. Fundi akiirudisha, majina huonekana tena wakati mwingine, naye huamini kwamba ametibu. Alichofanya ni kurudisha itifaki ileile ambayo WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili na kudai fidia, ilipitia udhaifu wake Mei 2017 na kuvuruga hospitali nyingi nchini Uingereza, ingawa kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Njia sahihi ni kuhakikisha kwamba huduma ya Function Discovery Resource Publication, inayoitangaza kompyuta kwa wenzake, inajiwasha yenyewe kwenye kompyuta inayotakiwa kuonekana. Hata hivyo, nakiri jambo ambalo vitabu hulipita kimya: orodha hiyo huruka majina hata pale kila kitu kinapokuwa sawa, ndiyo maana siitumii kamwe kama kipimo.

Panaponipa shida kweli ni kwenye mashine za zamani za kuskani, zinazotuma kurasa kwenye folda ya kompyuta, ambazo hazijui itifaki nyingine isipokuwa SMB1. Ningependa kusema kwamba zitupwe, lakini si kila nyumba ina fedha za mashine mpya. Kwa kawaida nashauri ziskani kwenye flashi, na sina hakika kwamba kila mteja huufuata ushauri huo nikishaondoka.

Kuhusu fayawoli nitasema machache. Usiizime, badilisha wasifu wa Wi-Fi ya nyumbani kutoka Public kwenda Private, kisha uruhusu kushiriki faili. Ping, yaani amri ya kuibishia hodi kompyuta nyingine, isipojibiwa haithibitishi kitu, kwa sababu fayawoli inaweza kuizuia peke yake. Pima mlango wenyewe katika PowerShell kwa Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445.

Dirisha la nenosiri likitokea, furahi, maana mmekwisha kufikiana. PIN unayofungulia kompyuta haikubaliwi hapo. Linatakiwa nenosiri la akaunti iliyo kwenye kompyuta yenye folda, na akaunti isiyo na nenosiri hukataliwa. Mimi hufungua akaunti ya kawaida ya kushirikiana tu, yenye nenosiri lake. Ukiingia na bado ukakataliwa kufungua folda, kumbuka kwamba kuna ruhusa za ushirikishaji, zinazohusu kuingia kupitia mtandao, na ruhusa za NTFS, zilizowekwa kwenye faili na folda zenyewe ndani ya diski, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Kumweka Everyone (yaani kila mtu) upande mmoja pekee hakutoshi. Tena Windows 11 Pro toleo la 24H2 hukataa kuingia kama mgeni asiye na nenosiri, hivyo diski ya mtandao iliyozoea hali hiyo itagoma hadi uipe akaunti.

Mwisho, zitazame namba. Moja ikianza na 192.168.0 na nyingine na 192.168.1, huenda nyumba ina ruta mbili, na ya pili imechomekwa kwa tundu la WAN, lile la kupokea intaneti, kwa hiyo imejitengenezea mtandao wake. Ipe ruta hiyo anwani isiyogongana na ya kwanza, zima DHCP yake, yaani ugawaji wake wa anwani, kisha hamishia waya kwenye tundu la LAN, lile la kuunganisha vifaa vya nyumbani. Kuhamisha faili humo ndani hakuli bando, na huendelea hata intaneti ikiwa imekatika.