Vita vya Maji Maji: maji hayakuwa chanzo

Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aombe radhi katika Makumbusho ya Maji Maji, Songea, tarehe 1 Novemba 2023, kwa ukatili wa Wajerumani katika vita vya 1905 hadi 1907, wananchi wamekuwa wakituletea sisi watunza kumbukumbu maswali mengi. Ya fidia na ya mafuvu ya mashujaa yana ngazi zake serikalini, kwa hiyo sitayasemea hapa. Linalorudi kuliko yote, tena kwa kejeli, ni hili: babu zetu walikubalije kwamba risasi ingegeuka maji? Anayeuliza hivyo huwa ameshajijibu. Kwake vita vyote vililetwa na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile, yaliyoahidiwa kuwakinga watu na risasi, na watu wa kusini walikuwa wajinga.

Maelezo hayo hayakuanzia vijiweni. Yalianzia kwa gavana Mjerumani wa wakati ule, Gustav Adolf von Götzen, na maofisa wake, waliodai kwamba waganga na machifu walikula njama na kuwachochea watu. Dai hilo liliwafaa. Koloni liliishi kwa ruzuku iliyopitishwa na Bunge mjini Berlin, na gavana ambaye angekiri kwamba watu wameasi kwa sababu ya kodi na pamba angekuwa anaishtaki sera yake mwenyewe. Mganga hakuwa na wa kumtetea Berlin. Kwamba sisi, zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado tunaibeba hoja ya utetezi ya gavana yule, ni jambo ambalo kwa kweli linachosha.

Tuanze na madaraka yenyewe. Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885 kwa kutegemea mikataba aliyoikusanya Mjerumani Carl Peters mwaka 1884 Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Umatumbi, vita vilikoanzia, haumo; Ungoni, upande wa Songea, haumo. Ukanda wa pwani ulinunuliwa kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1890 kwa marki milioni 4. Kwa hiyo mkulima wa vilima vya Matumbi alijikuta raia wa mfalme ambaye hakuwahi kumwona wala kuafikiana naye jambo lolote. Alichokiona yeye ni akida, msimamizi wa vijiji kwa niaba ya serikali. Kule Kibata akida alikuwa Sefu bin Amri, Mwarabu aliyewekwa na serikali juu ya watu ambao hawakuwa wa ukoo wake na hawakumchagua.

Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1897, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Aliyeshindwa kulipa alifanyishwa kazi. Hapa ifahamike kwamba adhabu nazo zilikuwa na utaratibu ulioandikwa. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya mwaka 1896 iliruhusu viboko visivyozidi 25 kwa mkupuo, yaani ile hamsa ishirini ambayo wazee hawakuisahau. Adhabu iliweza kutolewa kwa mikupuo miwili, wa pili usitolewe kabla ya wiki mbili kupita. Kama kilitumika kifimbo badala ya kiboko, kikomo kilikuwa 20. Wanawake, Waarabu na Wahindi hawakupaswa kuchapwa. Mzungu alitakiwa awepo, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Nayataja haya kwa urefu kwa sababu wapo wanaodhani kiboko kilikuwa hasira ya ofisa mmoja mmoja. Sivyo. Kilikuwa kazi ya ofisi.

Kisha pamba. Viwanda vya Ujerumani vilitegemea sana pamba ya Marekani, na mwaka 1902 Götzen aliamuru mashamba ya pamoja katika wilaya za pwani na bara yake, kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, na shamba lake. Kwenye karatasi mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, na mapato yagawanywe mafungu matatu: la wafanyakazi, la jumbe na la mfuko wa wilaya. Shambani mambo yalikuwa mengine. Siku zilizidi, malipo yalikuwa madogo hata wapo waliokataa kuyapokea, na kazi iliangukia wakati uleule ambao mtu alipaswa kulinda mahindi na mpunga wake dhidi ya nguruwe na nyani. Sheria mpya za uwindaji nazo zilikuwa zimemfunga mikono asiwapunguze wanyama hao. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walianza kuwahoji wazee waliokuwa hai, na hayo ndiyo waliyoyasikia: pamba, kiboko, akida.

Ndiyo maana mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, watu walianza kwa kung'oa pamba. Hawakuanza na Mzungu. Waling'oa miche, na baada ya hapo ndipo Samanga, kule pwani, ikashambuliwa.

Na maji? Maji yaliwaunganisha. Tangu mwaka 1904 watu walikuwa wakienda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, na koo zisizokuwa na mtemi mmoja zikapata ahadi moja na kiapo kimoja. Bila hilo, manung'uniko yangebaki ya kijiji kimoja kimoja. Lakini Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, na mapigano yakaendelea hadi 1907. Waliopigana miaka miwili baada ya mganga kufa walikuwa na sababu zao.

Sababu hizo hazikufanana kila mahali, na hapa hata vitabu vya mitihani huteleza. Ungoni haukuwa na mashamba ya pamba ya Götzen. Wangoni walikuwa na majeraha yao: watawala wao walivuliwa nguvu tangu boma la Songea lijengwe mwaka 1897, na mmisionari wa Peramiho alichoma kibanda cha matambiko cha Nkosi (mtawala) Mputa. Wahehe, kwa upande wao, hawakujiunga kabisa. Kwa hiyo kusema "makabila yote ya kusini" si sahihi.

Jambo la mwisho, kwa wanaochimba kuzunguka maboma ya Wajerumani wakitafuta "mali ya Mjerumani". Hakuna dhahabu pale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka leseni kabla ya kuchimba, na anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Ukikuta kitu cha kale shambani, kiache mahali pake, toa taarifa ofisi ya wilaya au makumbusho yaliyo karibu, na usikisafishe. Wenye masimulizi ya familia waandike jina la msimulizi, uhusiano wake na mhusika, na kijiji kwa jina lake la wakati ule, kisha walete nakala na wabaki na karatasi yao ya asili.