Je, wajua kwa nini 4,294,967,297 si namba tasa?

Anza na 3. Toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha ongeza 1: unapata 5. Ifanyie 5 vivyo hivyo, unapata 17. Ukiendelea zinakuja 257, kisha 65,537, halafu namba inaruka hadi 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1.

Tano za mwanzo zote ni tasa: hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyepiga hesabu kwa kujifurahisha, aliandika mwaka 1640 kwamba anaamini mfululizo wote uko hivyo, ingawa uthibitisho hakuwa nao. Na kweli, hii ya sita haina pa kuishikia. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa zinaleta 59, kwa hiyo hata 3 haiigawi.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641: ni 641 × 6,700,417.

Aliipataje? Hakujaribu namba tasa moja baada ya nyingine. 641 ni ya 116 kwenye foleni hiyo. Kigawanyo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1, jambo ambalo Euler mwenyewe alikuja kulithibitisha. Basi orodha inakuwa 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Majaribio matano tu! Kinachouma ni kwamba sharti hilo la 64 linatokana na kanuni ya Fermat mwenyewe kuhusu namba tasa. Ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Unaweza kuhakikisha bila kugawanya kabisa. 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Pia ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷, kwa hiyo 640⁴ ni 5⁴ × 2²⁸. Sasa zidisha 641 kwa 2²⁸: unapata 640⁴ + 2³². Hiyo, bila shaka, inagawanyika kwa 641. Vilevile 640⁴ − 1 inagawanyika, kwa sababu ni 639 × 641 × (640² + 1). Toa hii ya pili kutoka ile ya kwanza: 640⁴ zinafutana, inabaki 2³² + 1. Ndiyo namba yetu. Binafsi sijaona hesabu fupi tamu kuliko hii.

Baada ya 65,537, hadi leo haijapatikana nyingine iliyo tasa kwenye mfululizo huo. Na ukizidisha zile tano za Fermat, 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, utapata 4,294,967,295: pungufu ya namba iliyomwangusha kwa 2 tu.