Je, wajua kwa nini paka hutema dawa hata ukiificha ndani ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu?

Nyumba nyingi za Goma na Bukavu hufuga paka kwa kazi moja: panya. Huyo paka akiugua macho au akijaa minyoo, vita huanza. Mama wa nyumba anapasua tumbo la sambaza, anaingiza kidonge, anamtupia. Samaki analiwa hadi mkia. Kidonge kinabaki sakafuni, kimerambwa hadi kinang'aa.

Watu husema ni ujeuri. Mimi nasema ni ulimi.

Mtoto akikataa dawa chungu tunaitia sukari, naye anameza. Kwa paka sukari haisaidii kitu, kwa sababu haonji utamu. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba jeni inayoitwa Tas1r2, inayohitajika ili ulimi utambue utamu, imeharibika kwa paka wa nyumbani, na hata kwa simbamarara na duma. Anayeishi kwa nyama hana haja na utamu wa muwa. Uchungu ndio anaoupata sawasawa. Si kwamba anatushinda: ana aina zipatazo 12 za vipokezi vya uchungu, sisi tuna kama 25. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kuufunika uchungu kwa utamu, yeye hana cha kuufunikia. Ndiyo sababu metronidazoli, ambayo hata mtu mzima huimeza kwa kukunja uso, humtoa paka povu mdomoni. Povu hilo huwatisha wengi, wakadhani amekula sumu. Mara nyingi ni mate tu, anausukuma uchungu nje.

Kwa hiyo kusaga kidonge na kukichanganya na chakula chote ni wazo baya. Unausambaza uchungu kila mahali, na paka anaweza kukikimbia chakula chenyewe. Paka kukaa siku kadhaa bila kula si jambo dogo, hasa akiwa mnene: mafuta hujaa kwenye ini na kumletea ugonjwa mwingine.

Sambaza bado ni chaguo zuri, ila kwa utaratibu. Ulimi wa paka unapenda sana ladha ya nyama na samaki, na pua yake ndiyo inayoamua kwanza, basi mpe samaki vuguvugu ili harufu ipande. Mchemshe samaki bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Sambaza wa mchuzi wa jana hafai. Ponda nyama yake, tengeneza vitonge vitatu vidogo. Cha kwanza kitupu, cha pili chenye dawa, cha tatu kitupu na kiwe tayari puani pake kabla hajamaliza cha pili. Akiwa na njaa na haraka, hatafuni sana.

Akigoma kabisa, mfunge mwili kwa kitenge, kichwa pekee kibaki nje. Mshike kichwa kwa juu kwenye mifupa ya mashavu, inua pua ielekee dari, na taya la chini litalegea lenyewe. Dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo. Akiramba pua, kwa kawaida amemeza.

Hapo wengi humwachia, na hapo ndipo kuna hatari isiyoonekana. Kidonge kikavu hukwama kwenye umio wa paka, njia ya chakula kwenda tumboni. Dawa iitwayo doksisiklini ni mbaya zaidi: ikikwama inaunguza, na kovu lake linaweza kuuziba umio. Mpe maji mililita 5 au 6 kwa bomba lisilo na sindano, taratibu, kupitia pembeni mwa mdomo, au mpe chakula kidogo palepale.

Kidonge chenyewe kitoke kwa veterineri, kisitoke kwenye mfuko wa dawa za nyumbani. Parasetamoli tunayompa mtoto mwenye homa humuua paka, hata kipande kidogo, kwa kuwa ini lake halina njia ya kuivunja kama letu. Ufizi huanza kubadilika kuwa rangi ya kahawia au samawati, uso na miguu huvimba, anapumua kwa shida. Ukiona hivyo usingoje kesho, na usimpe maziwa. Mpeleke akatibiwe saa hiyohiyo.