Kwa nini nesi anamgonga mama gotini? Magneziamu, kifafa cha mimba na kalsiamu ya mshipa

Swali: Mdogo wangu alipata kifafa cha mimba akachomwa magneziamu, kila baada ya muda nesi anakuja kumgonga gotini na kuchungulia mfuko wa mkojo. Alikua anatafuta nini?

Jibu: Alikua anaangalia dawa isije ikazidi, dada. Hiyo ndo dawa namba moja ya kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya mimba, mwanzo mama anapewa gramu 4 za mshipa na gramu 10 za msuli, 5 kila tako, halafu gramu 5 kila masaa 4. Sasa inatoka kwa mkojo, na mama mwenye presha ya mimba figo zake mara nyingi zimeshaelemewa, mkojo ukipungua dawa inajilundika mwilini. Dalili ya mapema iko gotini: nesi ananyanyua goti kwa mkono mmoja, anagonga kwenye ile kano chini ya kifuu cha goti, mguu unatakiwa uruke hata kidogo tu. Usiporuka dozi inayofuata haichomwi. Anahesabu na pumzi dakika nzima, zisipungue 16, na mkojo usipungue mili 30 kwa saa.

Swali: Na ikiwa imeshazidi?

Jibu: Hapo ndo kalsiamu ya mshipa inaingia. Magneziamu ikizidi inaizuia kalsiamu kufanya kazi yake kwenye neva, misuli inalegea mpaka ile ya kupumulia. Basi magneziamu inasimamishwa, mmoja anampampu mama hewa kwa ambu begi, ule mfuko wa kubinya kwa mkono, hewa kwanza jamani, mwingine anasukuma kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mili 10, yaani gramu 1, taratibu mpaka pumzi zianze kurudi.

Swali: Kwa nini taratibu wakati mtu anakufa?

Jibu: Ukiikimbiza moyo unaweza kushuka mapigo hata kusimama. Na kanyula, kale kamrija ka kupitishia dawa, ihakikishwe iko ndani ya mshipa, ikivuja nje inaunguza nyama, mama mwenye fahamu akisema mkono unawaka acha hapohapo uangalie.

Swali: Vidonge vya kalsiamu vya kliniki si vingetosha?

Jibu: Hapana, vile ni vya kupunguza hatari ya presha ya mimba, havifiki kwenye damu kwa dakika.

Swali: Ndugu tunaweza kuuliza nini?

Jibu: Ulizeni kwa upole tu, "sista, kalsiamu ipo hapa wodini?" Ampuli yake, kile kichupa cha dawa, inatakiwa ikae trei moja na magneziamu. Mimi nimeshawahi kuikimbilia stoo saa nane usiku, mwenzangu kabaki anapampu begi peke yake, na funguo anayo mtu wa zamu ya asubuhi.