Thompson, Letouzey na swali la nani bora

Watu wakianza kubishana kuhusu waandishi bora wa programu za sataranji, hukimbilia Elo, yaani alama zinazopima nguvu ya mchezaji. Injini, yaani programu inayocheza, yenye alama nyingi iko juu, basi aliyeiandika naye yuko juu. Nimeandika injini kwa miaka, na kipimo hicho sikikubali.

Elo hupima injini pamoja na mashine inayoiendesha na mawazo yote yaliyoitangulia. Ken Thompson na Joe Condon walitengeneza Belle pale Bell Labs, wakaiwekea saketi maalumu za kuzalisha hatua. Ikatwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1980. Programu ya bure kwenye simu yako leo ingeishinda asubuhi hadi jioni, lakini hilo halimpunguzii Thompson chochote. Ndiye aliyekokotoa mwisho wa mchezo kinyumenyume, kuanzia mfalme aliyekwisha kufungwa, akaonyesha kwamba maaskofu wawili kwa kawaida humshinda farasi mmoja. Kabla ya hapo mabingwa waliamini ni sare. Mtu aliyewasahihisha mabingwa namna hiyo utampa alama ngapi?

Mimi hutazama kile ambacho waandishi wengine walikichukua kwa mwandishi fulani wakaendelea nacho. Mfano ni mbinu ya kupitisha zamu: injini inamwachia mpinzani acheze mara mbili mfululizo, na ikiwa hali yake bado ni nzuri, tawi hilo la mti wa hatua zinazowezekana linapogolewa bila kuchimbwa zaidi. Wazo lilikuwepo zamani, lakini makala ya Chrilly Donninger ya 1993 ndiyo iliyolieneza. Injini ya Fritz ya Frans Morsch, iliyolitumia, ilikwenda Hong Kong mwaka 1995 ikiwa kwenye kompyuta ya kawaida na kuifunga mashine ya IBM iliyoitangulia Deep Blue. Leo karibu kila injini inayochimba mti wa hatua namna hiyo inalo.

Kwa kipimo hicho Fabien Letouzey anapanda sana. Katikati ya 2005 alitoa injini yake, Fruit 2.1, pamoja na msimbo wake wote, umeandikwa kwa usafi ambao hata anayeanza anaufuata mstari kwa mstari. Mwaka huohuo Fruit ilishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia huko Reykjavik, nyuma ya Zappa. Alikuwa karibu na kilele, na akafungua mlango.

Hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipozaliwa. Mwaka 2011 ICGA, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, kiliivua injini ya Rybka ya Vasik Rajlich mataji ya 2007 hadi 2010, kikisema ilichukua msimbo kutoka Fruit na injini nyingine, Crafty. Rajlich alikana. Ugumu ni kwamba Rybka huhifadhi ubao kwa namna tofauti na Fruit, kwa hiyo huwezi kuweka kurasa mbili kando kwa kando ukamaliza kesi. Hoja ilibaki kwenye tathmini, yaani jinsi injini inavyoipa alama hali ya ubao: vipengele gani vinahesabiwa, na kila kete ina thamani gani katika kila mraba. Kwangu wazo ni la wote. Msimbo una mwenyewe, na jina lake litajwe.

Injini ya Stockfish inalivuruga swali zaidi. Tord Romstad, Marco Costalba na Joona Kiiski waliianza, lakini tangu 2013, kwa mfumo wa Gary Linscott, kila badiliko hujaribiwa kwa maelfu ya michezo kwenye kompyuta za watu wanaojitolea. Aliyeongeza mistari mitatu iliyopita mtihani huo ana sehemu yake, hata kama jina lake hulijui.

Basi wa kwanza wangu ni Thompson, wa pili Letouzey. Wa tatu namweka Yu Nasu wa Japani. Mwaka 2018 alibuni NNUE, mtandao mdogo wa neva (programu inayojifunza yenyewe kutathmini ubao) unaokwenda haraka kwenye prosesa ya kawaida, kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Miaka miwili baadaye ukaingia Stockfish 12, na tathmini tulizozichonga kwa mkono miaka nenda miaka rudi zikaanza kuwekwa kando. Zangu pia nilizifuta.